Jina Lililofutwa: Kisa cha Daftari la Waumini Kijijini Bunyoro

Wakati kisa hiki kinatokea nilikuwa katibu wa baraza la kanisa. Niliunga mkono uamuzi ulioleta balaa lenyewe, na mkono wangu ndio uliopiga mistari juu ya majina ya watu. Nimeondoa jina la dhehebu, la kaunti, la senta (kituo chetu cha biashara) na la kila mhusika, na hesabu za kanisa nimezisogeza kidogo ili mtu asitambulike. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa. Nawaandikia hasa makatibu, wazee wa baraza, walimu wa kanisa na makatekista, ambao kila mwaka huulizwa na wakubwa wao swali lile lile: mko wangapi?

Mahali na watu wake

Kaunti yetu iko upande wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda. Zamani ardhi ilikuwa tele na watu wachache, basi watu wakaja. Wanyoro ndio wenyeji. Wakafuata Waalur na Walugbara waliotafuta mashamba na vibarua, familia za Waluhya zilizovuka kutoka Kenya kabla ya uhuru, Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini, na wakimbizi wa Sudan kwa awamu mbalimbali. Kijiji cha nyumba themanini kinaweza kuwa na lugha sita. Ndiyo maana ibada yetu ya pili, ile ya saa nne na nusu, huendeshwa kwa Kiswahili. Karibu hakuna aliyezaliwa nacho pale, na hilo ndilo lililokifanya kikubalike, maana hakuna anayeweza kusema kanisa ni la kabila lake.

Dini nazo zimechanganyika vivyo hivyo. Katika mji mmoja, yaani boma la familia moja, utamkuta baba Mkatoliki, mama aliyebatizwa kwetu, kijana wa kwanza mlokole, na binti aliyeolewa kwa Waislamu, ambaye sikukuu zote mbili huja na sahani ya pilau. Wanakula pamoja, wanazikana, wanachangiana ada za shule. Ugomvi wa dini ndani ya mji mmoja nimeuona mara chache sana. Ugomvi huja pale mtu wa nje anapotaka jibu moja kwa mji mzima.

Parishi ina kasisi mmoja mwenye pikipiki na vituo vitano vilivyotawanyika, na kila kituo kina mwalimu wa kanisa. Mwalimu huyo ndiye anayesali na wagonjwa, anayefundisha watoto wa ubatizo na anayeitwa saa nane za usiku mtu akikata roho. Malipo yake ni gunia la mahindi baada ya mavuno, kama mavuno yamekuja.

Daftari

Daftari letu la ubatizo ni kitabu kikubwa kilichoanzishwa miaka ya 1950. Jalada lilishaachana na kurasa, na fundi baiskeli wa senta akalishona upya kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kazi safi iliyoshika hadi leo. Ndani mlikuwa na majina kama 1,150 ambayo hayakuwa na alama ya kufa wala kuhama.

Jumapili ya kawaida, ukijumlisha vituo vyote vitano, tulikuwa watu wazima 300 wakati wa mavuno na 170 wakati wa kupanda. Walioshiriki meza ya Bwana hawakufika 60. Hilo halikutokana na uasi. Sehemu kubwa ya wanandoa wetu wameoana kimila, mahari imetolewa na wazee wamekubaliana, lakini harusi ya kanisani hawajafunga kwa sababu ya gharama, hivyo hukaa kwenye benchi wakati wengine wanakwenda mbele. Waliotoa mchango wa mwaka wakapata risiti walikuwa kama 90.

Kwa hiyo tulikuwa na namba nne, na kila moja ilikuwa kanisa lake. Dayosisi ilitumia ya kwanza, ile kubwa, kupanga kota, yaani fedha ambazo parishi hutakiwa kupeleka kila mwaka. Watu 90 walikuwa wakibeba mzigo wa watu 1,150. Tulikuwa na deni la miaka mitatu, na posho ya kasisi ilikuwa ikikatwa kufidia deni hilo.

Uamuzi wa kufuta

Mtunza hazina wetu, mfanyabiashara wa mahindi na mtu mwaminifu kupita kiasi, ndiye aliyeleta hoja. Akasema tunalipia majina hewa. Akapendekeza daftari lisafishwe: yeyote ambaye kwa miaka mitatu mfululizo hajatoa mchango wala hajaonekana ibadani aondolewe katika orodha ya waumini, na dayosisi ipelekewe idadi mpya.

Mzee mmoja alipinga kwa Maandiko. Akatukumbusha Daudi alivyowahesabu watu na tauni ikaja. Tulimsikiliza kwa heshima, kisha tukampita. Mwingine akauliza kwa nini tusiandike barua dayosisini kuomba kota ipangwe kwa mahudhurio badala ya daftari. Tulijibu kwamba barua zetu mbili za nyuma hazikujibiwa, na jambo likaishia hapo. Leo naona kwamba swali lile lilistahili barua ya tatu.

Kuna jambo jingine lililotupa ujasiri. Kurasa mbili za daftari, za mwanzo wa mwaka 1978, zilikuwa na majina 64 yaliyoandikwa siku moja, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Safu ya wazazi ilikuwa tupu. Safu ya wasimamizi wa ubatizo nayo ilikuwa tupu. Pembeni ya kila jina palikuwa na kiherufi kidogo, "m", ambacho tulidhani ni alama ya kuhakikisha tu. Tukaafikiana kwamba mwalimu wa zamani, marehemu sasa, aliongeza majina ili asifiwe na wakubwa wake. Kurasa zile mbili nilizipiga mistari usiku mmoja, kwa rula, bila kumuuliza mtu. Kwa jumla tulifuta majina zaidi ya 400.

Orodha ya waliofutwa tuliibandika kwenye mlango wa kanisa kwa wiki mbili ili mwenye malalamiko aje. Hakuja mtu. Tukachukulia ukimya kuwa ni kukubali.

Siku mbili za Oktoba

Alhamisi moja ya mvua, usiku, alifariki mzee wa miaka kama sabini katika kituo chetu cha mashariki. Alikuwa yule fundi baiskeli.

Kila aliyekuwa na baiskeli katika gombolola yetu, yaani sehemu yetu ya kaunti, alimjua. Jumapili asubuhi alikaa benchi la mwisho kwetu, karibu na mlango, na alasiri alionekana kwa walokole waliokuwa wakisali chini ya mvule kabla hawajapata mabati. Watu walimwita "mtu wa makanisa mawili", naye hakukasirika. Miaka mitatu ya mwisho mguu ulimvimba, hakuweza kutembea, na bila kazi hakuwa na hela ya mchango. Nyumba yake iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kanisani. Katika miaka hiyo mitatu hakuna mzee wa baraza aliyekwenda kumwona. Mimi pia sikwenda.

Ijumaa alfajiri mwanawe mkubwa alikuja kuomba kengele ipigwe. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na msiba hupigwa polepole, kipigo na kimya, kipigo na kimya, mpaka mashamba yote yajue. Mpiga kengele akamleta kwangu, kwa sababu utaratibu mpya ulisema asiye katika orodha hapigiwi. Nikafungua daftari mezani, mbele yake. Jina la baba yake lilikuwa katika ukurasa wa 1978, na mstari wangu juu yake.

Nilimwambia, "Pole sana, mwanangu. Mzee hayumo tena kwenye orodha."

Alitazama ukurasa kwa muda. Kisha akasema, "Sawa, Katibu," akatoka. Hakugombana nami. Ningeona afadhali kama angegombana.

Kufikia adhuhuri mambo yalikuwa yameharibika. Mchungaji wa walokole alifika na waimbaji wake, akasema yuko tayari kumzika ndugu yao. Mdogo wa marehemu, muumini wetu wa siku zote na mlipaji wa mchango, akaapa kwamba kaburi halitachimbwa mpaka kanisa lije, kwani nduguye hawezi kuzikwa kama mgeni kwenye ardhi ya baba yake. Vijana wakashika majembe na kuyaweka chini mara tatu. Hatuna mochari karibu, na mwili ulikuwa chumbani, umezungukwa na majani ya migomba ili kupunguza joto. Jioni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaja kukaa uwanjani, maana alisikia kuna watu wameanza kutafuta fimbo.

Ukurasa wa 1978

Saa moja usiku binti wa marehemu aliwasili kutoka mjini kwa boda boda. Mama yake alimtuma moja kwa moja kwenye sanduku lililo chini ya kitanda. Humo mlikuwa na kavera nyeusi (mfuko wa plastiki) iliyofungwa kwa uzi wa mpira, na ndani yake risiti za ushuru, cheti cha shule ya msingi, na kadi ya ubatizo ya marehemu, yenye sahihi ya yule mwalimu wa zamani. Nyuma ya kadi, kwa penseli iliyofifia, paliandikwa neno moja: mgeni.

Mjane ndiye aliyetueleza, akiwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, ikabidi mwalimu wetu wa kanisa, kijana asiyefika miaka thelathini, apige magoti ili amsikie.

Septemba 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu 27. Mengine yalikuwa yamekwisha kuzuiwa mwaka 1973. Yaliyoachwa yafanye kazi kwa uhuru ni Kanisa Katoliki, Kanisa la Uganda, Waorthodoksi, pamoja na Uislamu. Wasabato, Wapentekoste, Wabaptisti na wengineo walijikuta kusali kwao ni kosa. Wengine waliendelea majumbani usiku, wengine porini. Fundi na mkewe walikuwa katika kundi moja dogo kama hayo. Askari walikuwa wakiuliza watu, wewe unasali wapi, na kadi iko wapi?

Mwalimu yule wa zamani aliwaita wote siku moja, mwanzoni mwa 1978, akawaandika, akampa kila mmoja kadi. Hakuwa na muda wa kuuliza wazazi wala wasimamizi. "Alituambia, hii ni nyumba yenu mpaka mvua ipite," mjane alisema. Ile "m" ya pembeni ilikuwa kumbukumbu yake mwenyewe: mgeni. Alifanya hivyo chini ya mwaka mmoja baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda kuuawa, Februari 1977, wakati hata kanisa lililoruhusiwa lilikuwa linatetemeka.

Amin aliondoka Aprili 1979. Baadhi ya wale 64 walirudi kwenye makundi yao, baadhi wakabaki kwetu moja kwa moja, na baadhi, kama fundi, hawakuona sababu ya kuchagua. Waliowaficha walikuwa watu wao, na waliofichwa nao pia walikuwa watu wao.

Sisi tulikuwa tumewaita majina hewa.

Uamuzi wa mwalimu wa kanisa

Yule kijana hakusubiri baraza. Alitembea gizani hadi kanisani na kuipiga ringi mwenyewe. Baadaye, katika kikao, alieleza sababu zake kwa ufupi. Kadi ilikuwa ya kanisa letu na sahihi ilikuwa ya kanisa letu. Mwili haukuweza kungoja. Na aliyempokea mtu yule wakati wa hatari hakuomba ruhusa ya kikao. Kasisi alipatikana kwenye simu saa nne usiku, mtandao ukikatika kila sekunde, na kauli yake ilikuwa fupi: mzikeni, kikao baadaye.

Ilibaki kupatana na walokole, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko lilivyopaswa. Hakuna aliyekataa ibada ya pamoja. Ugumu ulikuwa kwenye jambo moja: nani atatamka maneno ya kaburini wakati udongo unaingia? Kwa watu wetu hapo ndipo inapoonekana marehemu alikuwa wa nani. Walikubaliana hivi: walokole waongoze mkesha, mahubiri na nyimbo zote za nyumbani; mwalimu wetu asome maneno ya kaburini; na mchungaji wao na mwalimu wetu watupe udongo kwa pamoja. Mdogo wa marehemu alikubali. Jumamosi saa nane mchana fundi alizikwa kando ya migomba yake. Mvua ilianza walipokuwa wakisawazisha kaburi.

Kuhesabu upya

Jumatatu baraza lilikutana, na kikao kilikuwa kizito. Mtunza hazina aliweka funguo za kasha mezani, akasema ajiuzulu. Kasisi akamrudishia. Tulifikia mambo matatu: majina yote yaliyofutwa yarudishwe, familia iombwe radhi nyumbani kwao, na hesabu mpya ifanywe kwa kwenda kwa watu, si kwa kukaa na daftari.

Kwenda kuomba radhi tulikwenda wanne, na sukari, unga wa mahindi na sabuni. Mjane alipokea, akatuandalia chai. Kisha akasema kwa upole kwamba amesamehe, lakini kuanzia sasa atasali kwa walokole peke yake. Hatukumbishia.

Kuhesabu tulikwenda wawili wawili, mwanamume na mwanamke, tukihakikisha mmoja wao anajua lugha ya nyumba ile, na Kiswahili kikiwa cha akiba. Badala ya swali moja tuliuliza manne. Ulibatizwa wapi? Jumapili iliyopita ulisali wapi? Mchango wako, hata wa yai au debe la mahindi, unautoa wapi? Na ukiondoka duniani, ungependa nani akuzike?

Swali la nne lilipendekezwa na akina mama wa kanisa, na mwanzoni nililiona halina adabu. Lilikuwa ndilo lililojibiwa kwa uzito kuliko yote. Bibi mmoja Mlugbara, aliyebatizwa kwa Wakatoliki na ambaye Jumapili husali kwetu kwa sababu ndiko mjukuu anakoimba, alinyamaza muda mrefu, kisha akajibu kwamba anataka azikwe na yule atakayekuja mapema.

Siku tatu za kwanza tulikosea. Tulimuuliza mwenye mji, naye akawajibia wote. Siku ya nne mke mmoja alitusindikiza hadi njiani, akatuambia kimya kimya kwamba majibu yake mwenyewe yako tofauti. Tukarudi katika nyumba zote tulizokwisha kupita na kuuliza kila mtu mzima peke yake. Katika miji mingi majibu ya mke na mume hayakulingana.

Yaliyofuata

Tulipata takribani watu wazima 520 waliosema angalau jambo moja kati ya manne liko kwetu. Waliosema yote manne hawakufika 140. Kati ya wale 64 wa mwaka 1978 tuliwapata 19 walio hai. Wanane kati yao walitaka majina yao yabaki. Watano walituambia yaondolewe kabisa, wamechoka na kanisa linaloandika na kufuta. Tuliwatii. Waliobaki walisema tufanye tutakavyo.

Tuliandika barua ya tatu dayosisini, safari hii tukiambatanisha namba zote nne na maelezo ya kila moja. Ilijibiwa baada ya miezi mitano. Kota ilishushwa kwa mwaka mmoja, kwa majaribio, deni la nyuma likabaki pale pale. Mapato ya parishi yalishuka mwaka wa kwanza, kwani baadhi ya ndugu wa wale waliofutwa waliacha kutoa. Yameanza kurudi polepole. Yule kijana aliyeniambia "Sawa, Katibu" hajakanyaga kanisani tangu siku ile. Tukikutana senta hunisalimu vizuri.

Uchambuzi

Niseme kwanza kwamba malalamiko ya mtunza hazina yalikuwa ya haki. Si haki watu 90 kulipia 1,150, na kasisi kukatwa posho kwa ajili ya namba ya kwenye karatasi. Wengi waliosimuliwa kisa hiki hukimbilia kusema tusihesabu kabisa, kama mzee wetu wa Daudi. Sikubaliani nao. Mchungaji wa mfano wa Yesu aliyewaacha kondoo tisini na tisa alijua mmoja hayupo kwa sababu alikuwa na hesabu. Kama tungekuwa tunahesabu kwa nia hiyo, fundi angetembelewa wiki ya tatu ya ugonjwa wake. Kosa letu ni kwamba tulihesabu ili tupunguze mzigo, na kipimo tulichochagua kilikuwa cha fedha. Kipimo cha fedha kijijini kinawapata kwanza wagonjwa, wajane na wazee.

Kosa la pili ni kusoma daftari bila kujua historia yake. Ukurasa usiofanana na mingine tuliuona ni udanganyifu, na haukutupitia moyoni mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Yeyote mwenye daftari la zamani Uganda na anayetaka kulisafisha, atazame kwanza miaka ya 1973 hadi 1979, kisha miaka ya vita vya kwao, kwa sababu katika miaka hiyo kanisa lilikuwa pia maficho na mahali pa kupatia barua ya utambulisho. Wazee wanaokumbuka bado wapo. Waulizeni kabla ya kushika rula.

Tatu, ile orodha mlangoni. Ilikuwa na aibu mbili ndani yake: nani hatoi, na nani si wetu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaweka imani ya dini katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na afya na mambo ya fedha ya mtu. Hatukuijua. Lakini hata bila sheria tulipaswa kujua kwamba katika nchi hii orodha ya dini huamsha kumbukumbu. Wazee wetu walikua wakati chama cha DP (Democratic Party) kikiitwa "Dini ya Papa", yaani cha Wakatoliki, na chama cha UPC (Uganda People's Congress) kikihesabiwa kuwa cha Waprotestanti. Mzee mmoja alituambia baadaye kwamba alipoona majina mlangoni aliogopa kuuliza, akidhani ni mambo ya uchaguzi. Huo ndio ukimya tuliouita kukubali. Wengine hawakujua kusoma, na waliokuwa wagonjwa hawakufika mlangoni kabisa.

Kuhusu takwimu kubwa nina neno. Sensa ya mwaka 2002 iliwapata Wapentekoste na walokole kuwa asilimia 4.6 ya watu wa Uganda, na ile ya 2014 ikawapata asilimia 11.1. Wakatoliki walikuwa asilimia 39.3 mwaka 2014, Waanglikana 32.0, Waislamu 13.7. Namba hizi zina kazi yake na sizibezi. Viongozi wetu huzisoma kama matokeo ya mpira, nani amemnyang'anya nani. Lakini sensa hupokea jibu moja kwa kila mtu, na katika gombolola yetu fundi baiskeli angeingia safu moja tu, ile iliyomjia mdomoni siku hiyo. Sehemu ya ongezeko la walokole vijijini ni watu waliohama kweli. Sehemu nyingine, kwa nilivyoona nyumba kwa nyumba, ni watu waliokuwa huko na huko siku zote na sasa hawaogopi kusema. Kasisi anayesoma takwimu hizo na kuanza kufuta majina kwa hasira anawafukuza hata wale ambao hawajaondoka.

Kilichotuokoa, kwa kadiri tulivyookoka, ni mtu wa chini kabisa katika ngazi yetu kuthubutu kuamua, na mkubwa wake kumwachia. Kama mwalimu yule angengoja kikao cha Jumatatu, ninaamini damu ingemwagika uwanjani pale. Baada ya kisa hiki baraza limeandika kwamba mazishi hayahitaji kibali cha katibu. Mwalimu wa kituo anaamua, na maswali yanakuja baadaye. Vilevile ule mpango wa mkesha kwa walokole na kaburi kwetu umetumika tena mara mbili, bila mabishano, kwa kuwa sasa watu wameuona.

Yapo ambayo hatujayaweza. Vijana wetu walio Kampala na mjini hawakuhesabiwa. Wazazi waliwajibia, na tunajua majibu ya wazazi yana matumaini ndani yake. Wanandoa wa kimila bado wako kwenye benchi meza ya Bwana inapoandaliwa, na swali la nne limetuonyesha kwamba wengi wao ndio wanaolitaka kanisa hili hadi kaburini. Hilo liko juu ya uwezo wa baraza letu, lakini tumeliandika katika taarifa ya mwaka, na tutaliandika tena.

Daftari jipya lina safu nne. Kurasa za 1978 katika lile la zamani tumeziacha na mistari yangu inayoonekana, na chini yake kasisi aliandika kwa mkono wake maelezo ya ile "m", akaweka tarehe na sahihi. Mwezi uliopita kasisi huyo alihamishwa. Aliyekuja aliomba jambo moja wiki ya kwanza: idadi ya waumini, namba moja tu, ya kujaza fomu. Nilimpa ya mahudhurio, nikaibana pamoja na karatasi ya zile tatu nyingine nyuma yake, na Jumamosi hii nitampeleka kwa mjane wa fundi anywe chai.